Kujua jozi ya dawa na antidoti hakutoshi: jibu kwa mwanafunzi wa uuguzi anayeingia wodini

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi na ukunga. Karibuni naanza mafunzo ya vitendo wodi ya wazazi, kisha idara ya dharura. Jedwali la dawa na antidoti zake, yaani dawa za kupinga sumu yake, nimelikariri lote, lakini kwenye mtihani wa vitendo niliulizwa nitajuaje kama dawa imemzidi mgonjwa na nitafanya nini kabla daktari hajafika, nikakwama. Nisome dawa zipi kwa undani, na nizisomeje?"

Marahaba. Jedwali lako si baya, ila linaanzia mwisho. Linakwambia mofini ni naloksoni, heparini ni protamini, magnesiamu ni kalsiamu, basi. Wodini mambo huanza upande mwingine: mgonjwa amebadilika, hakuna aliyesema ni dawa, na wewe ndiye wa kwanza kumwona. Kwa hiyo kila dawa ya hatari isome kwa maswali manne. Dalili ipi hutangulia? Mikono yangu ifanye nini wakati antidoti bado iko kabatini? Antidoti yenyewe ni mililita ngapi kutoka kwenye ampuli tuliyo nayo hapa? Na kati ya dawa na antidoti, ipi inaisha mwilini kwanza? Hilo la mwisho ndilo wengi hulisahau, na wagonjwa hufa kwa ajili yake.

Anza na magnesiamu salfeti, kwa kuwa wodi ya wazazi ndiyo ya kwanza kwako na kwa kuwa usalama wa dawa hii uko mikononi mwa muuguzi kuliko mtu mwingine yeyote. Inazuia na kutibu degedege la kifafa cha mimba. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba inazuia degedege lisirudi vizuri kuliko diazepamu na fenitoini. Mwaka 2002 utafiti wa Magpie ukaonyesha kwamba kwa mama ambaye bado hajapata degedege, inapunguza hatari ya kulipata kwa zaidi ya nusu.

Vituo vingi hutumia utaratibu wa kuchoma msulini. Dozi ya kuanzia ni gramu 14, ambapo gramu 4 zinapita mshipani na gramu 10 zinachomwa kwenye makalio. Ampuli nyingi ni za asilimia 50, yaani kila mililita 1 ina nusu gramu. Dawa ya mshipani haiingii ikiwa nzito hivyo. Vuta mililita 8 za magnesiamu, ongeza mililita 12 za maji ya kuchanganyia sindano, upate mililita 20 za asilimia 20, kisha ingiza taratibu kwa dakika 5 hadi 20 kadiri mwongozo wa kituo chako unavyosema. Ya msulini ndiyo inayobaki asilimia 50: mililita 10 kila kalio, pamoja na mililita 1 ya lignokaini ya asilimia 2 ndani ya bomba hilohilo, kwa sababu sindano hii inauma sana. Baada ya hapo ni gramu 5 kila baada ya saa 4, ukibadilisha kalio, hadi zitimie saa 24 tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lile lililotokea baadaye. Degedege likirudi baada ya dakika 15, hutolewa gramu 2 nyingine mshipani, yaani mililita 10 za ule mchanganyiko wa asilimia 20, kwa dakika 5.

Dawa inapoingia, mama atahisi joto linampanda usoni na kifuani, atatokwa jasho, pengine na kichefuchefu. Hayo ni maudhi madogo ya kawaida. Mwambie kabla, vinginevyo ataogopa na ndugu zake wataogopa zaidi.

Sumu yake ni jambo jingine. Magnesiamu hutolewa mwilini na figo, karibu yote. Mkojo ukipungua, dawa inarundikana hata kama kila dozi ilikuwa sahihi kabisa. Kiwango kinachotibu ni milimoli 2 hadi 3.5 kwa lita ya damu. Kikipanda kati ya 3.5 na 5, goti linaacha kurusha likigongwa. Kati ya 5 na 6.5, misuli ya kupumua inalegea. Juu ya 7.5 umeme wa moyo unavurugika, na juu ya 12.5 moyo unasimama. Zitazame namba hizo kwa mpangilio wake: goti linanyamaza kabla pumzi haijaguswa. Ndiyo maana hospitali isiyo na kipimo cha magnesiamu bado inaweza kutoa dawa hii kwa usalama. Goti la mama ndicho kipimo.

Kabla ya kila dozi ya kuendelea, hakikisha mambo matatu: pumzi ni 16 au zaidi kwa dakika, goti linajibu, na mkojo umefika angalau mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita, maana yake mfuko uwe na mililita 120 au zaidi. Moja likikosekana, dozi haitolewi na daktari anaitwa. Pumzi zihesabu dakika nzima kwa saa yenye mshale wa sekunde, si sekunde 15 ukazidisha kwa nne. Kosa linalojirudia ni kuchoma kwa sababu saa imefika, huku safu ya mkojo kwenye chati ikiwa tupu.

Goti lenyewe wengi hulipima vibaya. Mama akiwa amelala chali, pitisha mkono wako chini ya goti, ulinyanyue mpaka likunje kiasi, kisigino kikibaki kitandani na mguu ukiwa umelegea kabisa. Gonga kano iliyo chini tu ya pia ya goti. Macho yako yawe kwenye paja, kwa sababu msuli wa mbele ya paja hujikaza hata pale ambapo mguu haurushi sana. Akishindwa kulegea, mwambie afungamanishe vidole vya mikono yake na avute, kisha ugonge tena. Jihadhari na mama aliyetoka kufanyiwa upasuaji kwa ganzi ya mgongo: goti lake halitajibu kwa saa kadhaa kwa sababu ya ganzi, si magnesiamu. Huyo mpime kano ya mbele ya kiwiko.

Ukikuta pumzi zimeshuka au zimesimama, sitisha magnesiamu, ita msaada kwa sauti, fungua njia ya hewa na mpumulishe kwa mfuko wa ambu wenye oksijeni. Mikono ianze hapo. Mwingine avunje ampuli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 10: mililita 10, yaani gramu 1, mshipani, polepole, si chini ya dakika 3, mapigo yakiangaliwa. Usiichanganye na magnesiamu kwenye mrija mmoja, kwa maana zikikutana hufanya chembe nyeupe. Sukuma kwanza maji ya chumvi. Akishaanza kupumua usiondoke. Kalsiamu hufanya kazi kwa muda mfupi, ilhali zile gramu zilizo makalioni bado zinaingia kwenye damu na figo zake ndizo zilizokuwa na tatizo tangu mwanzo. Anaweza kuzama tena.

Tatizo hilohilo la antidoti kuisha kabla ya dawa ndilo kiini cha mofini, dawa kali ya maumivu, na naloksoni. Kwenye mofini kinachotangulia ni usingizi. Mgonjwa aliyekuwa anakujibu sentensi nzima sasa anajibu neno moja na kufumba macho katikati ya neno, na pumzi bado ni 14. Huo ndio wakati wa kuzuia dozi inayofuata. Ukisubiri pumzi 8 na mboni ndogo kama ncha ya pini, umechelewa. Mtikise, mwite, nyanyua kidevu, mpumulishe. Mtu anayepumulishwa vizuri kwa ambu hafi kwa mofini hata kama naloksoni imechelewa. Aliyepewa naloksoni bila kupumulishwa anaweza kufa akiisubiri ifanye kazi.

Ampuli ya naloksoni iliyozoeleka ina miligramu 0.4 ndani ya mililita 1. Aliyeacha kupumua hupewa yote mshipani, ikirudiwa kila dakika 2 hadi 3 mpaka jumla ya miligramu 10. Akifika hapo bila mabadiliko yoyote, fikirieni sababu nyingine. Anayepumua polepole lakini bado anapumua, ifanye ampuli hiyo kuwa mililita 10 kwa maji ya chumvi, na kila mara apewe mililita 1 au 2. Unatafuta pumzi zinazoridhisha. Kuamka kabisa hakuhitajiki. Mgonjwa wa saratani akisukumiwa ampuli nzima, maumivu yote yanamrudia kwa mpigo, presha inapanda, anatapika, na utakosa namna ya kumtuliza kwa sababu vipokezi vya dawa vimezibwa. Naloksoni hudumu kati ya dakika 30 na 90, mofini hudumu saa 3 hadi 4 au zaidi, hasa figo zikiwa dhaifu. Kwa hiyo hesabu pumzi zake kila dakika 15 hata kama anaongea.

Tramadoli usiichukulie kama mofini ndogo. Naloksoni huisaidia nusunusu tu, na degedege linaloletwa na tramadoli haliondoki kwa naloksoni. Na mtoto mchanga ambaye mama yake alichomwa pethidini, dawa ya maumivu ya jamii ya mofini, karibu na kujifungua, akizaliwa amelegea, kazi yako ni ileile ya kila mchanga asiyepumua: mkaushe, mpe joto, mpumulishe kwa ambu ndani ya dakika ya kwanza.

Sasa dharura. Huko sumu utakayokutana nayo mara nyingi haitoki hospitali, inatoka shambani: dawa za kuua wadudu za jamii ya organofosfeti na kabameti. Mtu amekunywa kwa makusudi, au mtoto amekunywa kwa sababu ilihifadhiwa kwenye chupa ya soda, au mkulima amepulizia nyanya bila kujikinga. Sumu hii inazuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali inayobeba ujumbe wa neva, hivyo kila tezi inafunguka. Mate, machozi, jasho, mkojo, kuharisha, kutapika, mboni ndogo, mapigo ya taratibu. Kinachoua kwanza ni mapafu kujaa majimaji yanayotoka kwenye njia za hewa zenyewe. Mgonjwa anazama akiwa kitandani.

Kabla ya kumgusa, vaa glavu, za nitrili kama zipo, na aproni. Mvue nguo zote, zifunge kwenye mfuko, mwoshe ngozi na nywele kwa maji mengi na sabuni, dirisha likiwa wazi. Lakini kama anakoroma povu, oksijeni, kufyonza majimaji na atropini, antidoti ya sumu hii, havisubiri kuoga. Mtu mmoja aoshe, mwingine avute dawa.

Atropini ndiyo dawa ambayo wanafunzi huiogopa bure. Wamezoea kuona ampuli moja ikitosha, kumbe hapa mtu mzima huanza na miligramu 1 hadi 3 mshipani, kisha kila dakika 5 mnamtazama, na kama hajabadilika dozi inayofuata ni mara mbili ya iliyotangulia: 2, 4, 8, 16. Soma ampuli kwanza, zipo za miligramu 1 na zipo za 0.6, na hesabu inabadilika kabisa. Wengine hukataa kuendelea kwa sababu mapigo yamefika 120. Mapigo ya kasi hayazuii atropini kwenye sumu hii. Huenda yanapanda kwa sababu mgonjwa anakosa hewa. Wengine husimama mboni zinapotanuka, na mboni huwa za mwisho na si za kutegemewa.

Lengo ni hili: ukiweka stethoskopu kifuani usisikie tena mlio wa majimaji wala filimbi, mapigo yawe juu ya 80, presha ya juu iwe zaidi ya 80, na kwapa ziwe kavu. Ingiza vidole kwapani uhakikishe, ni kipimo cha sekunde mbili. Akifikia hapo, kila saa anaendelea na dripu yenye asilimia 10 hadi 20 ya jumla yote iliyomkausha. Kama ilichukua miligramu 30, basi ni miligramu 3 hadi 6 kwa saa. Hapo kazi yako inageuka, unaanza kutafuta dalili za atropini kuzidi: homa, kuchanganyikiwa na kushikashika vitu hewani, tumbo kimya bila mlio wa utumbo, mkojo kuziba. Zikitokea, dripu husimamishwa kwanza, mgonjwa akitulia inarudishwa kwa kasi ndogo zaidi.

Kuna jambo moja atropini hailigusi kabisa, nalo ni misuli. Kati ya saa 24 na 96 baada ya sumu, mgonjwa aliyeonekana amepona anaweza kulegea shingo, kisha misuli ya kupumua. Kila unapopima joto na presha, mwambie anyanyue kichwa kutoka kwenye mto. Akishindwa kukinyanyua, mjulishe daktari hapohapo, usingoje ripoti ya kubadilishana zamu. Pralidoksimu, ambayo vitabu huiweka kando ya atropini, hospitali nyingi hazina. Msikae mkiitafuta huku atropini ikichelewa.

Ndugu watakwambia wamempa maziwa, au mayai mabichi, au wamemtapisha. Usiwagombeze, waulize ni saa ngapi na kiasi gani, uandike. Maziwa si antidoti ya sumu yoyote kati ya hizi. Kutapisha ni hatari kwa aliyepoteza fahamu na kwa aliyekunywa mafuta ya taa, kwani yakirudi juu huingia mapafuni, na kwa mafuta ya taa mkaa wa dawa pia haufai. Waambie walete chupa au pakiti. Jina lililo kwenye lebo lina thamani kuliko maelezo ya nusu saa.

Sukari kushuka kwa sababu ya insulini utaikuta kila wodi. Jasho baridi, kutetemeka, njaa, moyo kwenda mbio hutangulia, kisha maneno ya ajabu, ukali, degedege, kuzimia. Mzee anayetumia dawa za presha za jamii ya propranololi anaweza asitetemeke wala moyo wake usiende mbio. Kwake mara nyingi jasho ndiyo dalili inayobaki. Pima. Chini ya milimoli 4 kwa lita, kama anameza vizuri, mpe gramu 15 hadi 20 za sukari, yaani vijiko vya chai vitatu hadi vinne ndani ya maji, upime tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Aliyezimia asipewe chochote mdomoni, hata sukari ya kupaka, kama kuna njia ya mshipa. Dekstrosi ya asilimia 50 ni nzito, na ikivuja nje ya mshipa inaua nyama. Ni salama zaidi kuipunguza hadi asilimia 10: mililita 10 za asilimia 50 na mililita 40 za maji ya sindano. Mtu mzima hupewa mililita 150 hadi 200 za asilimia 10, mtoto mililita 5 kwa kila kilo, mchanga mililita 2 kwa kilo. Kama kilichomshusha ni kidonge cha kisukari cha glibenklamidi, usimruhusu arudi nyumbani kwa sababu ameamka. Kidonge hicho huendelea kushusha sukari kwa saa 24 au zaidi, na dekstrosi uliyompa itakuwa imekwisha zamani.

Makosa ya insulini mengi huzaliwa kwenye bomba. Bomba la insulini limepimwa kwa yuniti, 100 kwa mililita 1. Likikosekana, usikisie kwa bomba la mililita 2 au 5. Na andika neno "yuniti" kamili, kwa sababu herufi U iliyoandikwa haraka baada ya 4 husomeka 40.

Dawa za kuzuia damu kuganda nazipita haraka, maana antidoti zake huagizwa na daktari na una muda kidogo zaidi. Heparini hupingwa na protamini, miligramu 1 kwa kila yuniti 100 za heparini iliyoingia katika saa 2 hadi 3 zilizopita, isizidi miligramu 50, taratibu kwa dakika 10. Ikisukumwa kwa haraka, presha inaporomoka. Wafarini hupingwa na vitamini K, miligramu 5 hadi 10 polepole mshipani kwa anayevuja damu nyingi, lakini inachukua saa 6 hadi 12 kuanza kuonekana, kwa sababu ini linatakiwa kutengeneza upya vigandisha damu. Anayevuja sasa hivi anahitaji plazima. Kitu cha kukumbuka zaidi kwa mazingira yetu ni mwingiliano. Mgonjwa wa valvu ya moyo anayetumia wafarini, akiandikiwa kotrimoksazoli, metronidazoli au flukonazoli, damu yake inakuwa nyepesi kupita kiasi. Akianzishiwa rifampisini ya kifua kikuu, wafarini inaishiwa nguvu. Ukiziona pamoja kwenye chati, uliza.

Isoniazidi ingefaa ifundishwe zaidi ya inavyofundishwa, kwa kuwa vidonge vyake viko majumbani kwa ajili ya kutibu na kukinga kifua kikuu. Kwa dozi ya kawaida hufa ganzi miguu na mikono, na hukingwa na vitamini B6, yaani piridoksini, miligramu 10 hadi 25 kwa siku. Mtu akinywa vingi kwa pamoja, hupata degedege ambalo diazepamu hailitulizi. Mgonjwa mwenye degedege lisilokoma, uliza nyumbani kuna nani anatumia dawa za TB. Antidoti ni hiyohiyo B6, gramu kwa gramu. Ukiwa hujui alimeza kiasi gani, mtu mzima hupewa gramu 5, mtoto miligramu 70 kwa kilo bila kuzidi gramu 5. Ya sindano ni adimu. Vidonge vya miligramu 50 vinahitajika 100 kufikisha gramu 5, vinasagwa na kupitishwa kwenye mrija wa puani wa kwenda tumboni. Inaonekana ni nyingi mno, lakini ndiyo dozi.

Parasetamoli inadanganya. Binti wa kilo 50 aliyemeza vidonge 30 vya miligramu 500 amekunywa gramu 15, miligramu 300 kwa kilo, wakati hatari huanza kwenye miligramu 150. Siku ya kwanza atakuwa na kichefuchefu tu, ataomba kuondoka, na ndugu watamuunga mkono. Ini linaharibika polepole, macho ya manjano na maumivu upande wa kulia huja siku ya 2 au ya 3. N-asetilsisteini inakinga karibu kabisa ikianza ndani ya saa 8 tangu alipomeza, kwa hiyo saa ya kumeza ndiyo taarifa ya kwanza kuandika. Kwa utaratibu wa mshipani: miligramu 150 kwa kilo kwa saa 1, kisha 50 kwa kilo kwa saa 4, kisha 100 kwa kilo kwa saa 16. Kwa binti huyo ni gramu 7.5, 2.5 na 5. Akipata vipele na kifua kubana wakati wa mfuko wa kwanza, dripu husimamishwa, anatibiwa, kisha hurudishwa taratibu zaidi. Isiachwe moja kwa moja.

Vidonge vya madini ya chuma ambavyo mama mjamzito anapewa kliniki ni vyekundu au vya rangi nzuri, na mtoto huviona peremende. Kidonge cha ferasi salfeti cha miligramu 200 kina miligramu 65 za chuma chenyewe. Mtoto wa kilo 10 akimeza 10 amepata miligramu 65 kwa kilo, na juu ya 60 ni sumu kali. Mkaa wa dawa hauikamati chuma. Anatapika, anaharisha damu, kisha kwa saa kadhaa anaonekana ametulia, na utulivu huo ndio wa kuogopwa. Antidoti ni deferoksamini kwa dripu, miligramu 15 kwa kilo kwa saa, na mkojo unaweza kugeuka mwekundu hafifu. Kliniki, kabla hujamkabidhi mama pakiti, mwambie aiweke juu, mbali na mikono ya watoto.

Flumazenili ya diazepamu ijue kwa mtihani. Wodini hutumika mara chache, kwa sababu inaweza kuleta degedege, na aliyezidiwa diazepamu hutunzwa njia yake ya hewa mpaka aamke.

Potasiamu kloridi haina nafasi ya pili. Ampuli ya mililita 10 ya asilimia 15 ina milimoli 20, na ikisukumwa moja kwa moja mshipani inasimamisha moyo. Huchanganywa kwenye dripu, mfuko ukapinduliwa mara kadhaa ili isibaki chini, isizidi milimoli 40 kwa lita wala milimoli 10 kwa saa kwenye mshipa wa mkono. Iwekwe mbali na maji ya kuchanganyia sindano, kwani ampuli zinafanana. Potasiamu ikishapanda, kalsiamu glukoneti hulinda moyo kwa muda mfupi, kisha insulini yuniti 10 pamoja na gramu 25 za dekstrosi huirudisha potasiamu ndani ya seli, na sukari hupimwa kila saa baada ya hapo.

Mwisho ni mzio mkali baada ya sindano, hasa penisilini ya benzathini. Hii si sumu, na adrenalini si antidoti kwa maana halisi, lakini hapa dakika zina uzito kuliko popote. Kifua kubana, sauti kukwaruza, midomo kuvimba, presha kushuka: adrenalini ya 1:1000, mililita 0.5, kwenye msuli wa paja kwa nje, katikati. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 mililita 0.3, chini ya hapo 0.15. Mlaze, nyanyua miguu kama hapumui kwa shida, rudia baada ya dakika 5 kama hajabadilika. Haidrokotisoni na dawa ya mzio ni za baadaye. Wanaokimbilia haidrokotisoni kwanza wanampoteza mgonjwa huku adrenalini iko kwenye trei ileile.

Kuhusu trei yenyewe, ifungue mwanzoni mwa kila zamu. Kwenye wodi ya wazazi pawepo kalsiamu glukoneti, adrenalini, dekstrosi na naloksoni, pamoja na ambu ya mtu mzima na ya mchanga. Angalia tarehe za kuisha muda, ibane ambu uone kama inarudi na barakoa yake haijapasuka, soma nguvu ya kila ampuli uliyoikuta leo, kwa sababu bohari huweza kuleta ya aina nyingine mwezi huu. Kama kabati la naloksoni hufungwa, jua ufunguo uko kwa nani usiku huo.